Mapigo 48 si Presha ya Kushuka

"Daktari, saa inanionyesha mapigo 48. Nitumie nini yapande?"

Swali hili limenifikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mwalimu wa miaka 36 anayekimbia kilomita 8 kila alfajiri. Amechoka. Mchana anasinzia juu ya madaftari ya wanafunzi, na ngazi za shule zimemwia mlima. Jirani amemwambia ana presha ya kushuka, naye kwa wiki tatu amekuwa akilamba chumvi asubuhi na jioni. Nilipompima, presha yake ilikuwa 112 kwa 70. Hiyo ni presha nzuri kabisa.

Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, mmoja mmoja, katika chumba cha matibabu. Leo nalijibu kwa wote. Mapigo na presha ni vitu viwili. Mapigo ni hesabu ya mara ambazo moyo umedunda kwa dakika moja. Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Saa iliyohesabu mapigo 48 haijasema lolote kuhusu presha yako. Kama hujafungwa mkanda wa kipimo mkononi, hakuna jirani, muuza dawa wala kocha anayeweza kujua kuwa imeshuka.

Tena mwili hufanya kinyume cha watu wanavyodhani. Mtu ambaye presha yake imeshuka kweli kwa kuharisha, kutokwa na damu au kukaukiwa maji, mara nyingi moyo wake hukimbia, 110 au hata 120, ukijitahidi kufidia kilichopungua. Na presha inapopanda ghafla, vihisio vilivyomo kwenye mishipa mikubwa ya shingo hupeleka habari kwenye ubongo, nao huuamuru moyo upunguze mwendo. Basi chumvi itayapandishaje mapigo? Haina njia. Kazi yake ni kuzuia maji mwilini na, siku zikienda, kupandisha presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile ya kwenye mchuzi, mkate na chipsi. Anayelamba juu ya hapo anajitafutia presha ya kupanda ambayo hakuwa nayo, na mwisho wake huweza kuwa kiharusi, au figo na moyo kushindwa kazi.

Wengine huacha chumvi wakahamia kwenye juisi ya rozela na bitiruti "kuongeza damu". Kosa ni lile lile. Damu ikipungua, moyo huenda mbio ili damu kidogo iliyopo izunguke haraka. Mapigo 48 hayakuelekezi huko. Na vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu ni kafeini na sukari. Kafeini huficha usingizi kwa saa chache, kisha usiku inakunyima ule usingizi uliokuwa ukiuhitaji tangu mwanzo.

Sasa kwa nini mapigo yako ni machache? Kwa mkimbiaji, mara nyingi ni kwa sababu ya mazoezi. Mtu aliyepumzika huhitaji takriban lita 5 za damu kila dakika. Moyo usiozoezwa unaosukuma mililita 70 kwa pigo moja unalazimika kudunda mara 70 hivi. Moyo uliozoezwa ukisukuma mililita 100, mapigo 50 yanatosha. Miguel Indurain, Mhispania aliyeshinda Tour de France mara tano mfululizo kuanzia 1991 hadi 1995, alisifika kwa mapigo 28 akiwa amepumzika. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walionyesha, kwa panya waliozoezwa, kwamba hata ile sehemu ya moyo inayoanzisha kila pigo hubadilika kwa mazoezi. Kile kiwango cha 60 hadi 100 mnachokisoma kila mahali ni cha watu kwa jumla. Mkimbiaji mwenye 48 asiye na dalili yoyote hana cha kutibiwa.

Lakini uchovu wa mwalimu ni wa kweli, na hapo ndipo swali lilipotakiwa kuanzia: kwa nini nimechoka? Nilipomuuliza anavyoishi, alinieleza bila kujua kwamba anajibu. Hulala saa sita usiku, huamka saa kumi. Hukimbia siku saba kwa wiki. Akirudi hunywa maji ya moto na ndimu, halafu hali kitu mpaka saa saba mchana, kwa kuwa anataka kupunguza tumbo. Mwili unaofanyishwa kazi na kunyimwa chakula hubana matumizi: joto hushuka, hedhi ya mwanamke huweza kukatika, na mapigo nayo hupungua zaidi. Mapigo machache ya namna hiyo ni dalili ya njaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Pumzika siku mbili kila wiki. Lala kwa muda wa saa saba au nane. Kula baada ya kukimbia: uji, mayai, maharage, viazi, chochote kilichopo, na chai uiweke mbali na mlo, kwa sababu huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Pima mapigo mwenyewe asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima. Kisha panda ngazi upime tena: moyo wenye afya utaongeza kasi waziwazi.

Wiki tatu zikipita na uchovu haujaondoka, nenda hospitali. Omba wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma vipimwe, hasa kama wewe ni mwanamke. Pima homoni za tezi ya thairoidi ikiwa unahisi baridi, unanenepa na kupata choo kigumu, maana tezi hiyo ikilegea mapigo hushuka na uchovu huja pamoja. Mwonyeshe daktari dawa zako zote: atenolol, propranolol na bisoprolol hupunguza mapigo, na hata matone ya macho ya timolol. Usiziache mwenyewe, kwani kuzikatiza ghafla kuna hatari.

Usisubiri hata siku moja kama umezimia, umepata maumivu ya kifua, unakosa pumzi, mapigo hayapandi unapojituma, au kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Acha mazoezi, nenda ukapimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Hakiumi, na huchukua dakika chache tu.

Wewe unayelamba chumvi kwa sababu ya namba iliyotokea kwenye saa, acha leo. Kula, lala, pumzika, na presha ipimwe kwa kipimo cha presha.