Kichanga Anavyoanza Kujifunza Lugha

Mtoto huanza kusikia kabla hajazaliwa, mimba inapokaribia miezi saba. Maneno hayamfikii vizuri akiwa tumboni. Kinachopenya ni mahadhi ya sauti ya mama, kupanda na kushuka kwake. Hata hicho kidogo hakipotei. Mwaka 1980, Anthony DeCasper na William Fifer wa Marekani waliwapa vichanga wasiotimiza siku tatu chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasa sauti. Kichanga akinyonya kwa mwendo fulani alisikia sauti ya mama yake, akibadili mwendo alisikia ya mwanamke mwingine. Wengi walishika mwendo uliowaletea mama.

Ubongo nao umeshaanza kazi. Mwaka 2002 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa mtoto wa miezi 3 anaposikia maneno, huamka sehemu za upande wa kushoto wa ubongo, zinazofanana na zile anazotumia mtu mzima katika lugha.

La kustaajabisha ni kwamba mtoto mdogo huyo yuko tayari kwa lugha yoyote duniani. Janet Werker na Richard Tees, nchini Kanada, waliwapima watoto wanaolelewa kwa Kiingereza kwa sauti mbili za Kihindi zinazokaribiana na t: moja ulimi hugusa meno, nyingine ulimi hujikunja nyuma. Wazazi wao wangezisikia kama sauti moja. Watoto wa miezi 6 hadi 8 walizitofautisha. Wa miezi 10 hadi 12 wengi walishindwa. Kufikia umri huo ubongo unaimarisha njia za sauti zinazosikika nyumbani, na zisizotumika hufifia. Basi nyumba yenye lugha mbili, bibi akisema Kichaga na mama Kiswahili, humlisha mtoto sauti za zote mbili.

Sauti hizo, hata hivyo, zataka mtu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, mjini Seattle, walieleza jinsi watoto wa Kimarekani wa miezi 9 walivyochezewa na kusomewa vitabu kwa Kichina, vipindi 12. Waliokaa na mzungumzaji ana kwa ana walizijua sauti za Kichina. Waliopewa mambo hayo hayo kwa televisheni hawakuambulia kitu.

Kwa hiyo mzazi amsemeshe mtoto anapomwogesha na kumvisha, na amjibu anapotoa ba-ba-ba yake. Asiyegutuka kwa kishindo, au anayekaribia mwaka bila kutoa silabi kama hizo, apelekwe kliniki mapema akapimwe masikio.