Tochi Iliyojua Unakolala

Paukwa! Sogeeni, wajukuu zangu, na hiyo simu iwekeni chini kidogo, maana leo anayesimuliwa ni yeye.

Hapo zamani, si zamani sana, simu nyingi za mguso zilikuwa na taa ndogo kando ya kamera lakini hazina kitufe cha kuiwasha. Ukitaka mwanga, ulitafuta programu ya tochi. Huko Marekani kampuni iitwayo Goldenshores Technologies ikatoa programu moja ya tochi kwa simu za Android, ya bure, ikaiita Brightest Flashlight. Makumi ya mamilioni ya watu wakaipakua. Ikawaka vizuri tu.

Kumbe huku inamulika, huku inawapelekea watu wa matangazo habari za mahali simu ilipo, pamoja na namba ya pekee inayoitambulisha simu hiyo. Mwenye kupata habari hizo mbili kila siku hashindwi kujua simu inashinda wapi na inalala wapi. Mwaka 2013 tume ya Marekani inayowatetea wanunuzi, FTC, ikaibana kampuni. Kinachoniudhi zaidi ni hiki: ulipoifungua mara ya kwanza, tochi ilikuonyesha masharti na vitufe viwili, kukubali na kukataa. Kabla kidole chako hakijagusa chochote, habari zilikwisha kuanza safari! Kampuni ikaamriwa ifute ilichokusanya.

Mjanja mmoja wenu ataniuliza: mbona tochi za siku hizo ziliomba kutumia kamera pia? Swali zuri. Taa ile ni mali ya kamera, na bila ruhusa ya kamera isingewaka. Hiyo ilikuwa haki yake. Lakini mahali ulipo panaongeza mwanga gani? Ni sawa na jirani aliyekuja kuomba chumvi, kisha akaomba na ufunguo wa chumbani.

Enzi hizo ruhusa zilitolewa kwa mkupuo: ama ukubali zote, ama uikose programu. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, programu huomba moja moja, nawe unaweza kuipa na kuinyang'anya. Android 11 ya mwaka 2020 ikaleta chaguo la kuruhusu kwa wakati huo tu, na simu yenyewe ikajifunza kuziondolea ruhusa programu zilizokaa miezi bila kufunguliwa. Ingia kwenye Mipangilio, tafuta Faragha, kisha ruhusa. Utaona nani anaweza kusikiliza maikrofoni yako na nani anasoma majina ya watu wako. Mchezo wa magari kwenye orodha ya maikrofoni? Muondoe.

Sasa nafasi. Simu ikisema imejaa, wengi hukimbilia kufuta picha za harusi ya shangazi. Ngojeni kwanza. Mlaji mara nyingi ni WhatsApp: kundi la ukoo, kundi la darasa, kundi la mtaa, na video ileile ya mbuzi imeingia kupitia yote matatu. Mipangilio yake ina sehemu ya hifadhi inayoonyesha kundi linalokula zaidi, na imeyaweka pamoja mafaili yanayozidi MB 5 na yaliyosambazwa mara nyingi. Fyekeni hapo.

Kwenye Android, kila programu ina vitufe viwili vinavyofanana kama mapacha. Kimoja hufuta akiba, yaani vitu vya muda ambavyo programu itavitengeneza tena. Kingine hufuta data yake yote, na huenda ukalazimika kuingia upya na kuanza mchezo ngazi ya kwanza. Someni kabla ya kubonyeza. Msije kunililia mimi.

Na ule mchezo mliouacha tangu likizo? Unakalia nafasi bure. Uondoeni, lakini kwa mpangilio. Kuiondoa programu kwenye simu hakufuti akaunti yako. Jina na tarehe ya kuzaliwa uliyoandika vinaweza kubaki kwenye kompyuta za kampuni. Futa akaunti kwanza, ndipo uiondoe programu. Tangu mwaka 2022 Apple inataka kila programu inayokuruhusu kufungua akaunti ikuruhusu pia kuifutia humo humo, na Google ikafuata. Msipokiona kitufe hicho, shukeni chini kabisa ya mipangilio ya akaunti, mpite msaada, mpite masharti. Huko ndiko wanakopenda kukiweka.