Moto unaotoka ndani ya hewa

Ndugu msomaji, umekwisha kupiga pompi ya kinga? Gusa chini yake, pale mpira unapofungwa: ni moto! Wengi wanasema ni chuma kinasuguana ndani. Kusuguana kuko, lakini kidogo. Sababu kubwa ni hewa yenyewe. Ukiibana mbio mahali padogo, inapata joto.

Watu wa Borneo na Sumatra, kule Asia, walijua jambo hili mbele ya viberiti kuenea kwao. Walikamata kipande cha mwanzi, ao pembe ya nyati, wakakitoboa tundu, lakini chini waliacha pamefungwa. Ndani walitia kijiti chenye kulingana na tundu sawasawa. Karibu na ncha walizungusha uzi wenye mafuta, kusudi hewa isitoroke. Ncha ile ilikuwa na kashimo, na ndani ya kashimo manyoya makavu ya miti ya jamii ya mnazi. Kisha, pa! Pigo moja la kiganja. Kijiti kinashuka, joto linapita digri 200, manyoya yanakamata moto. Unachomoa upesi, unapuliza. Ukisukuma polepole hupati kitu, joto linakimbilia ndani ya mwanzi.

Ninyi vijana mnaosikia makamyo ya mgodi usiku kucha, moto huu mko nao karibu. Motere ya mazutu haina buji ya kutoa cheche. Rudolf Diesel aliifanya itumike vizuri mwaka 1897, kule Augsburg, Ujerumani. Kijiti kimekuwa pistoni ya chuma. Hewa inabanwa mpaka kubaki sehemu moja ya 15 ao 20, kisha mazutu yanarushwa ndani na kuwaka yenyewe.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi, kwa maana nawaona wenye kusude kando ya barabara, mikono imejaa mafuta. Ukifungua robine ya chupa ya oksijene kwa nguvu mara moja, gazi inaingia mbio ndani ya manometa na kubana ile iliyo mbele yake. Ni lile pigo la kiganja! Pakiwa na grisi pale, inawaka, na ndani ya oksijene hata chuma kinaungua. Basi robine ikiwa ngumu, usiitie mafuta hata tone. Nawa mikono kwanza. Simama upande, si mbele ya manometa, na fungua polepole. Ikikataa, rudisha chupa kwa mwenye kuiuza.