Kabla hujalivusha gari la kulala Lunga Lunga

Mamangu ana miaka 71, ana sukari, na goti lake la kulia limekataa kukunjika tangu mwaka juzi. Nduguye wa pekee aliyebaki anaishi Pangani, upande wa Tanzania, na walikuwa hawajaonana kwa miaka tisa. Kila nikimtajia basi la Tanga alinijibu neno moja: "Mwanangu, sina maguu ya basi tena." Lakini nilijua si maguu peke yake. Mtu wa sukari huenda msalani mara kwa mara, na kumwomba utingo asimamishe basi mbele ya abiria hamsini ni fedheha ambayo mama wa umri wake hawezi kuimeza.

Ndipo nikawaza gari la kulala. Wageni tunawaona wakipita Ukunda na malori yaliyogeuzwa nyumba, kitanda ndani, jiko ndani, choo ndani. Mimi sina lori. Nina Hiace niliyoinunua kwa mkopo wa benki, ambayo siku za wiki hubeba mizigo ya duka la mke wangu. Nikamwita fundi seremala, tukapima, na baada ya wiki mbili nikawa na nyumba ndogo ya magurudumu. Mwezi wa Agosti, Jumamosi alfajiri, tukavuka feri ya Likoni na mama nyuma anavuta uradi. Saa nne asubuhi tulikuwa mpakani. Saa sita tulikuwa njiani kurudi Mombasa, na mama hakusema neno mpaka tukafika Msambweni.

Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo watu wengi wameniuliza habari za gari hili, na wote huanza kuuliza kitanda. Mimi huwajibu kwamba kitanda ni kazi ya mwisho.

Gari la mkopo lina wenyewe wawili. Ukilitazama logibuku utaona jina lako na jina la benki pamoja. Ndani ya Kenya hakuna anayekuuliza, kwa hivyo unasahau. Mpakani, afisa wa forodha anataka kujua kama mwenzako katika umiliki anajua kwamba mali yake inatoka nje ya nchi. Mimi sikuwa na barua. Ilikuwa Jumamosi, benki karibu kufungwa, na hata angetaka kunisaidia hakuwa na la kufanya. Barua hiyo huombwa mapema. Inataja nambari ya gari, jina la dereva, nchi mnayokwenda na tarehe za kwenda na kurudi. Yangu ilichukua wiki nzima, kwa sababu walitaka kwanza kuona bima inayofika huko. Ikiwa gari ni la kakako au la kampuni, chukua barua ya mwenyewe iliyoshuhudiwa na wakili. Usiseme "huyu ni ndugu yangu, tumbo moja." Afisa hana njia ya kujua matumbo ya watu.

Bima nayo ina mtego wake. Bima yako ya Kenya inaishia mpakani. Kwa upande wa pili unahitaji kadi ya COMESA, ile watu wanayoiita kadi ya manjano, na unaichukua kwa kampuni hiyo hiyo inayokukatia bima hapa. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kadi hiyo bado inakubaliwa huko, kwa hivyo usibabaishwe na mtu anayekwambia haifai. Ila elewa inafanya nini: inamlipa mtu wa nje utakayemgonga, na matibabu ya dharura ya mliokuwa ndani ya gari. Hailipi gari lako likipinduka Muheza. Kwa hilo, mwambie wakala akuongezee eneo katika bima yako kubwa, na akupe kwa maandishi. Mwambie pia ukweli kwamba umeweka kitanda na jiko la gesi. Ukimficha, siku ya moto ndiyo siku atakayokumbuka kuuliza.

Sasa kadi za manjano ni mbili, na hapa watu huchanganyikiwa. Ya pili ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Tanzania humdai msafiri anayetoka Kenya. Chanjo ni moja tu, na tangu Julai 2016 kadi yake haiishi muda. Ile uliyochanjwa zamani bado ni halali hata kama imeandikwa miaka kumi. Lakini inaanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, kwa hivyo kuchanjwa Alhamisi na kusafiri Jumamosi ni kupoteza wakati.

Kwa mamangu jambo hili lilikuwa zito kuliko benki. Chanjo hii imetengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa mtu aliyepita miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza hatari ya madhara makubwa huongezeka. Ni nadra, lakini ipo. Mwezi wa Agosti nilikuwa nimempangia achanjwe tu kama sisi wengine, na ni muuguzi aliyeangalia mwaka wake wa kuzaliwa akanirudisha kwa daktari. Daktari alikaa naye karibu nusu saa, akapima, akauliza dawa zote anazokunywa, kisha akaamua asichanjwe. Alimwandikia cheti cha kusamehewa kwa sababu ya afya, kina sahihi na mhuri. Alituambia wazi kwamba cheti hicho humwondolea mtu sharti la karatasi, hakimwondolei mbu. Kwa hivyo tukabeba chandarua mbili, dawa ya kupaka, na nguo za mikono mirefu. Mwenye mzazi mkubwa asimkokote kwenye sindano kwa haraka ya safari. Amuone daktari kwanza.

Pasipoti sitaikalia sana. Kitambulisho cha Kenya kinakuvusha kwenda Uganda na Rwanda. Tanzania haimo katika mpango huo. Kila mtu na pasipoti yake, hata mtoto wa mgongoni. Leseni ya Kenya inatambulika, na huko pia tunaendesha kushoto. Mkifika kituoni, gari hupewa kibali chake cha muda na watu hugongewa chao, na siku hazilazimiki kuwa sawa. Soma zote mbili kabla ya kuondoka dirishani.

Baada ya karatasi ndipo tuje kwenye gari lenyewe.

Kitanda changu hakikupigwa misumari kwenye bodi. Ni fremu ya mbao inayoshikwa na skrubu nne kubwa na kutoka yote kwa dakika kumi. Ukibadilisha umbo la gari kwa kudumu unajiingiza katika habari ya kubadilisha maelezo ya logibuku na ukaguzi, na mimi Jumatatu nataka Hiace yangu ibebe mchele. Jambo moja nililikataa hata mama aliponisihi: hakuna anayelala gari likitembea. Viti vinne vya mbele vilibaki na mikanda yao. Kitanda ni cha gari lililosimama. Breki ya ghafla kwa mwendo wa kilomita 80 humtupa aliyelala kama gunia, na sikujenga gari hili ili nimvunje mamangu.

Uzito ni kitu usichokiona mpaka taya la tairi liseme. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mitungi mitatu ya lita 20 ni kilo 60, sawa na abiria mmoja asiyeshuka. Ongeza mtungi wa gesi, betri, vyombo, na mabuyu ya zawadi ambayo mama hawezi kwenda Pangani bila hayo. Weka vizito chini na karibu na ekseli. Halafu chutama uangalie tairi ubavuni, utaona tarakimu nne za mwisho: 2219 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2019. Langu la akiba lilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, jipya kwa macho, lina nyufa kama mguu mkavu.

Insulini ndiyo iliyonifanya nijifunze umeme. Ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa hustahimili joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki nne, lakini gari lililofungwa juani pwani si chumba, ni tanuri. Nikanunua friji ndogo ya volti 12. Ina wati 45, na kwa joto letu hufanya kazi karibu nusu ya muda, kwa hivyo kwa siku inakula kama wati-saa 540. Betri ya kawaida ya 100Ah ina wati-saa 1200 kwa karatasi, lakini ukiinyonya zaidi ya nusu unaiua. Yaani una 600. Siku moja tu, basi. Ndiyo maana nikaongeza paneli ya sola ya wati 150 juu ya paa, na betri hii ya pili ni mbali na ya gari, ili asubuhi injini iwake. Waya uwe mnene, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Fundi wangu wa kwanza alitaka kuiweka karibu na friji. Kwa hivyo waya mzima kutoka betri ungekuwa bila kinga, unapita chini ya godoro. Nikamlipa siku yake nikatafuta mwingine. Mtungi wa udongo wenye kitambaa kibichi nao tulibeba kama akiba. Unasaidia, ingawa kwa hewa yetu yenye unyevu haupoi kama kule bara kwenye ukavu.

Kupika tunapika nje. Jiko la gesi hutolewa kwa mlango wa nyuma, mtungi unafungwa ukiisha kazi, na hulala umesimama wima. Makaa sitaki kuyaona ndani ya gari hata kwa kufukizia udi. Moshi wenye sumu wa makaa hauna harufu wala rangi. Mtu analala na haamki, na gari ni dogo kuliko chumba chochote unachokijua.

Choo ni ndoo yenye mfuniko wa kukaza, kiti cha plastiki juu yake, maranda ya mbao ya kufunikia, na pazia zito. Gharama yake ni ndogo kuliko vitu vyote nilivyonunua, na ndicho mama alichokiombea dua. Misikiti njiani ipo, lakini si yote ina upande wa wanawake, na si kila upande wa wanawake una choo ambacho mtu wa goti bovu anaweza kuchutama. Maji ya kutawadha tuliyahesabu mbali na ya kunywa.

Desemba tulitoka tena, safari hii Jumanne, maana siku ya kazi ukikwama unaweza kupiga simu ofisini ukapokewa. Mpakani tulikaa saa moja na nusu. Afisa wa afya alisoma cheti cha mama, akamtazama, akamsalimia "shikamoo bibi" na kumrudishia. Mifuko ya plastiki nilikuwa nimeiacha nyumbani, kwa kuwa huko ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na wasafiri huambiwa waisalimishe. Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kilomita sitini na kitu, barabara nzuri, na uzuri wake ndio unaowaponza Wakenya. Kila kijiji kina kibao cha 50, na trafiki wa Tanzania hapo hana mzaha. Faini ilikuwa shilingi zao 30,000 kwa kosa. Mimi nilikamatwa nikiwa na 61, kibao cha kumaliza kijiji nakiona mbele yangu. Nililipa kwa nambari ya malipo, nikachukua risiti, na mama akanicheka mpaka Tanga.

Pangani tuliegesha uani kwa mamdogo, chini ya mwembe. Hatukulala kando ya barabara hata usiku mmoja, na simshauri mtu alale. Tulikaa siku sita. Nyumba ya mamdogo ina ngazi tano za mawe na choo kiko nje, mbali, kwa hivyo mama alilala garini. Usiku wa pili niliamka nikasikia sauti. Mamdogo alikuwa amebeba mto wake, akapanda garini, na wale wazee wawili walikuwa wamelala kwenye kitanda changu cha mbao cha futi nne wakizungumza habari za watu waliokufa kabla mimi sijazaliwa. Friji ilikuwa ikivuma chini yao. Nikaangalia saa ya betri, ilikuwa na volti 12.3, nikarudi kulala kwenye mkeka.

Kitu kimoja tu nitarekebisha kabla ya safari ya Shaaban: chandarua cha mlango wa nyuma hakifiki chini.