Mvinje wa Miaka Mitano, Bajeti ya Mwaka Mmoja

Sehemu kubwa ya makaa yanayowaka majikoni Likoni, Kisauni na Changamwe mjini Mombasa hutoka misitu ya kaunti jirani: Kwale, Kilifi na Tana River. Gunia hushushwa kibandani, likafunguliwa na kuuzwa kwa mkebe, kwa kuwa wengi hununua ya siku hiyo tu. Bei ya mkebe hubeba ujira wa mchomaji, nauli ya lori na faida ya muuzaji. Gharama ya kuotesha mti mwingine haimo.

Hiyo ni ruzuku, na msitu ndio unaoitoa. Tena ni ruzuku inayopotea kwa wingi, maana katika tanuri la udongo kilo kumi za kuni hutoa kilo moja hadi mbili za makaa. Kanuni za Makaa za mwaka 2009 ziliwataka wachomaji wajiunge katika vyama, wachukue leseni na wapande upya. Lakini anayepanda hushindana sokoni na anayekata mti wa bure.

Dawa ya sehemu ya tatizo hili iko Bamburi, upande wa Kisauni. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje katika machimbo ya kiwanda cha saruji, juu ya mwamba mtupu wa matumbawe. Majani yalipoanguka, majongoo waliyala na kuyageuza udongo. Leo pale ni Haller Park. Mvinje hujipatia naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vya mizizini, na kwa takriban miaka mitano hutoa nguzo za kujengea. Matawi yanayobaki ni kuni.

Miaka mitano hiyo ndiyo inayoipiga chenga sera.

Chukua mvinje uliopandwa mwaka 2018. Februari mwaka huo serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Septemba mafuta ya taa yakaongezewa tozo, hata jiko la stovu likawa ghali. Gesi ya kupikia, iliyoondolewa VAT mwaka 2016, ilirudishiwa asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa VAT tena 2023. Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuondoa marufuku ya ukataji. Mvinje mmoja ulikua na kukomaa huku kodi ya gesi ikibadilishwa mara tatu. Mkulima apangeje shamba lake?

Wazalishaji wa umeme ndio waliowekewa sera ya muda mrefu zaidi: tangu 2008 serikali imeweka bei maalumu ya kununua umeme wa nishati jadidifu, ukiwemo wa mabaki ya mimea na kuni. Ila ruzuku ya aina hiyo huhitaji masharti. Uingereza, wateja wa umeme wamekilipia kwa miaka kituo cha Drax kichome kuni zilizosafirishwa kutoka Marekani na Kanada, na ubishi kuhusu misitu hiyo haujaisha.

Kwa Mombasa, ruzuku inayofaa ni ya mpandaji: miche, na malipo kwa miti itakayokuwa hai mwaka wa tatu na wa tano, kwa ahadi isiyobadilishwa kila bajeti ya Juni. Pamoja nayo, gesi ibaki bila VAT. Kwa kuwa mlaji yuko Likoni na mti uko Kwale, Jumuiya ya Kaunti za Pwani ndiyo pa kuanzia mfuko wa ruzuku hiyo, na ushuru wa magunia yanayoingia mjini uwe mchango wake wa kwanza.