Fahamu: Kimeng'enya cha kuvunja wanga hupatikanaje kutoka kwa bakteria?

Amilesi ni kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Hutumika kwenye sabuni za kufulia na viwanda vya nguo.

Huzalishwaje? Bakteria aina ya *Bacillus licheniformis* hukuzwa tangini kwa wanga na protini. Amilesi yao, inayostahimili hata nyuzi 90 za Selsiasi, hutoka yenyewe nje ya seli. Hakuna haja ya kuzipasua.

Husafishwaje? Mchuzi wa tangini wenye bakteria huzungushwa kwa kasi, seli zikatuama. Maji ya juu hutiwa chumvi ya amonia salfeti, protini zikajitenga. Kisha chumvi huondolewa, na amilesi hutenganishwa na protini nyingine.

Hupimwaje? Dondoshea iodini kwenye uji mwepesi wa wanga: unakuwa bluu-nyeusi. Tia amilesi, rangi hufifia hadi kutoweka.