Uso wa mtu ni amana: Funzo la msichana wa Nasir Bagh

Zipo picha chache duniani ambazo mtu akionyeshwa huzitambua mara moja, hata kama hajui zilipigwa wapi wala na nani. Mojawapo ni ile ya msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani na mtandio mwekundu uliochanika. Kwa takriban miaka 40 imetembea katika majarida, vitabu, mabango na kuta za maonyesho. Wengi wetu tumeiona. Ni wachache waliowahi kuuliza kama mwenye uso ule aliombwa ruhusa, na picha ile ilimfanyia nini maishani mwake.

Tunaileta habari hii katika kurasa za familia kwa sababu kazi ya upigaji picha sasa ni ya nyumbani kwetu. Vijana wetu, wa kike na wa kiume, wanaitegemea kwa riziki. Ni nadra kupata akdi, walima au mahafali ya madrasa yasiyo na mpiga picha. Kwa hiyo haki ya anayepigwa picha si jambo la majarida makubwa ya ng'ambo pekee. Inatugusa wazazi, na inawagusa vijana walioshika kamera.

Miaka 17 bila jina

Desemba 1984 mpiga picha wa Kimarekani, Steve McCurry, alifika katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar nchini Pakistan. Kambini humo walikuwamo Waafghani waliokimbia vita vilivyofuatia uvamizi wa majeshi ya Kisovieti wa Desemba 1979. Ndani ya hema lililotumika kuwa darasa la wasichana alimwona binti wa umri wa miaka kumi na miwili hivi. Akampiga picha, akaondoka. Jina la binti halikuandikwa. Juni 1985 uso wake ulitokea katika jalada la mbele la jarida la National Geographic, ukasambaa duniani kote.

Binti huyo ni Sharbat Gula. Hadi mwaka 2002, McCurry na wenzake walipomtafuta na kumpata, alikuwa hajapata kuiona picha hiyo. Ili kuthibitisha kwamba ndiye, wataalamu walilinganisha alama za macho yake na zile za pichani. Wakati huo alikuwa mke wa mtu na mama wa watoto. Alieleza kwamba anaikumbuka siku ile, na kwamba alikasirika, kwa kuwa mwanamume yule alikuwa mgeni na yeye hakuwa amewahi kupigwa picha.

Uadilifu unatutaka tuseme na mema yaliyofuata. Jarida lilianzisha mfuko wa elimu kwa wasichana wa Afghanistan, likagharimia matibabu ya familia yake na safari ya Hija. Hata hivyo, hayo yalikuja baada ya miaka 17. Na mwaka 2012 nakala moja tu ya picha ile iliuzwa mnadani kwa dola 178,900.

Oktoba 2016 Sharbat Gula alikamatwa mjini Peshawar kwa kosa la kuwa na kitambulisho cha kughushi. Wakimbizi wengi walikumbwa na msako wa aina hiyo, lakini wake ndio uso uliotangazwa ulimwenguni. Alihukumiwa kifungo cha siku 15, kisha akarudishwa Afghanistan. Baadaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba picha ile ilimletea matatizo kuliko manufaa, ijapokuwa alifurahi kuwa imewasaidia wajane na mayatima. Novemba 2021, miezi michache baada ya Taliban kurudi madarakani, Italia ilimpokea.

Je, tuache kupiga?

Msomaji anaweza kusema: kama ni hivyo, bora kamera zifungiwe kabatini. Sisi hatuoni hivyo, na ushahidi wetu ni wa mwaka uleule wa 1984.

Mohamed Amin, Muislamu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ndiko alikoanzishia kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963. Huyu ndiye aliyetoa kitabu cha picha za safari ya Makka, kilichowafikishia taswira ya Hija watu wengi wasiopata kuishuhudia. Oktoba 1984 alikwenda Korem, kaskazini mwa Ethiopia, akachukua picha za maelfu ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Zilipoonyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba, dunia ilishtuka, na misaada ikaanza kumiminika. Mwaka 1991 Amin alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, lakini alirudi kazini kwa mkono wa bandia. Aliiendeleza kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1996, ndege aliyokuwemo ilipotekwa na kuanguka baharini karibu na Comoro.

Mama aliyembeba mtoto anayekata roho pale Korem hakuweza kuketishwa na kuulizwa kuhusu ridhaa. Lau Amin angesubiri kibali cha kila mmoja, huenda dunia isingejua kwa wakati. Kwa hiyo ipo hali ambayo ridhaa haipatikani na picha bado ni ya lazima. Lakini hapo mpiga picha hajasamehewa deni. Deni limeahirishwa tu: kuuliza jina inapowezekana, kueleza ukweli wa tukio bila chumvi, kurudi, na kuhakikisha kwamba faida haiishii kwa mwenye kamera.

Ushahidi na sanaa

Jambo jingine ambalo kijana anayeingia katika fani hii apaswa kulifahamu ni tofauti ya picha ya ushahidi na picha ya sanaa. Msanii anaweza kumpanga mtu, kumchagulia nguo, kubadili rangi na kuondoa kisichompendeza. Ni halali ya sanaa yake, maadamu hadanganyi kuhusu alichofanya. Mwenye picha ya ushahidi ni kama shahidi mbele ya kadhi, haongezi wala hapunguzi. Mwaka 2016 ilibainika kwamba baadhi ya picha za McCurry zilikuwa zimebadilishwa kwa kompyuta, na yeye akajibu kwamba hujiona msimulizi wa hadithi kwa njia ya picha. Huenda jibu hilo lingepokewa vyema zaidi kama watazamaji wangeambiwa mapema.

Nyumbani kwetu

Turudi kwenye harusi zetu. Familia inapokodi mpiga picha, mazungumzo mara nyingi huwa ya bei na idadi ya picha. Tunashauri yaongezwe mambo manne, tena yaandikwe. La kwanza, nani atapiga upande wa wanawake. Dada zetu wenye ujuzi huo wapo, na kazi hiyo ni fursa yao. La pili, picha zipi mpiga picha ataruhusiwa kuzitumia kujitangaza mtandaoni, na zipi hazitatoka nje ya familia. La tatu, faili zitahifadhiwa wapi, na zitafutwa lini. La nne, wageni wataelezwaje kuhusu simu zao, maana siku hizi sitara huvunjwa zaidi na simu ya jirani wa meza kuliko kamera ya fundi.

Sheria nazo zimeanza kulitazama jambo hili. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Hata hivyo, hakimiliki ya picha kwa kawaida huanzia kwa aliyeipiga, si kwa mwenye uso. Ndiyo maana makubaliano ya mapema ni muhimu. Asiyeandikiana huja kugundua baada ya harusi kwamba picha ya binti yake imekuwa tangazo la biashara, na hana la kushika mkononi.

Kwa vijana wetu wenye kamera, tunawaombea riziki pana katika kazi hii. Mwanzo wake ni daftari dogo ndani ya mkoba wa kamera: jina la aliyepigwa, alichokubali, na namna ya kumfikishia nakala yake. Sharbat Gula alisubiri miaka 17 kwa sababu siku ile hakuna aliyeandika jina lake.